Ndonya ya Bibi

Juzi, kituoni Nangurukuru, nilimwona binti aliyevaa kipini mdomoni, nami nikasikia tena harufu ya tumbaku.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya ndonya ya bibi mzaa mama, kisahani cha mpingo kilichokaa kwenye mdomo wake wa juu. Alasiri moja, nikiwa mtoto, aliivua aioshe, nami nikaichukua kwa siri nijaribu kuivaa. Mara baba akatokea, kutoka mashamba ya mkonge ya Wazungu. Alikuja kumrudisha mama, aliyekuwa amekimbilia kwao. Mama mwenyewe alikuwa kisimani.

"Shikamoo, mama," baba alisema, akachutama mbali kidogo.

Bibi alifunika mdomo kwa kiganja, kimya. Mkono wa pili ulipapasa mkeka. Baba akarudia salamu, sauti imeshuka. Nilidhani bibi amemkasirikia, nikazidi kuibana ndonya ngumini. Sikujua kwamba mwanamke kama yeye hakufunua mdomo mtupu mbele ya mkwewe.

"Nimeelewa," baba alisema. Akaondoka, na hakurudi tena.

Nilipompa ndonya yake, bibi aliipachika taratibu, akaitazama njia, akasema, "Marahaba, mwanangu."