Mashine ya Kucheza

Nilinunua ile kompyuta ili nicheze. Naliandika hilo kwanza kwa sababu kwa muda mrefu sikuweza kulisema mbele ya watu wazima bila kuongeza kitu nyuma yake. Nilisema ni ya kujifunzia. Nilisema ni ya kuweka programu kwenye simu za watu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu simu yangu na kuitengeneza tena. Na kweli nilifanya hayo pia. Lakini siku niliyoitoa kwa mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa akihama Kalemie, nikiwa nimeikumbatia juu ya pikipiki kama mtoto mgonjwa, sikuwa nawaza simu ya mtu yeyote. Nilikuwa nawaza mchezo wa mbio za magari ambao hadi wakati huo nilikuwa nimeuona kwenye video tu.

Mashine yenyewe ilikuwa imezeeka tayari: kasha jeusi, zito, lenye feni inayokoroma. Niliifuta kila siku kwa kitambaa laini. Nyaya zake za ndani nilizifunga kwa uzi mweusi, mafundo yote ya aina moja, ingawa hakuna ambaye angeyaona. Nikimaliza nafunga kasha, nalala, kisha naamka nikiwa na hakika kwamba kuna skrubu sikuikaza, naenda kulifungua tena. Ndivyo nilivyo.

Katika mchezo ule kulikuwa na barabara ya milimani, na kabla ya daraja moja kulikuwa na kona kali. Nilitaka kuimaliza barabara hiyo bila kugusa ukingo. Nilijaribu miezi na miezi. Kila nilipofika kwenye kona, picha iliganda, na ilipozinduka gari langu lilikuwa limeshaingia mtoni. Kwa mwingine ni jambo dogo. Kwangu yalikuwa mateso, maana sikujua kosa ni la nani. Labda mashine ilinichelewesha. Labda mimi sijui kuendesha. Swali la namna hiyo hunila usiku na mchana.

Jioni moja nikalalamika kwa sauti pale saloni, chumba chetu cha wageni: "Mashine hii imekufa."

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliinua kichwa. "Imekufa kwa michezo," akasema. "Kwa kuandika haiyakufa."

Alikuwa amepanga na rafiki yake kufungua biro ya saisie karibu na chuo, mahali ambapo wanafunzi huleta kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono ili zichapwe. Meza walikuwa nayo, printa walikuwa nayo. Walikosa kompyuta.

"Papa, sikia," akaendelea. "Iko pale, inakula kuran ya umeme ya bule. Tuitie kwenye saisie, ituingizie pesa ya chakula."

Papa alifanya kazi kwenye reli mpaka magoti yakamkatalia, na hapendi kelele. Alinigeukia mimi. "Mama, ni kweli imekufa?" Ndivyo anavyoniita, Mama, hata akiwa amekasirika.

"Inakwama tu, Papa. Naweza kuitengeneza."

"Basi itengeneze. Jumamosi ya mwisho wa mwezi utanionyesha. Ikicheza bila kukwama, ni yako na mchezo wako. Ikishindwa, iende ikafanye kazi na yaya yako."

Yaya akacheka. "Musichana mukubwa hivi, na motokari za watoto."

Huyo anayesema hivyo hucheza damu, ule mchezo wa drafti, na wenzake kila alasiri mbele ya duka la jirani, kete zake zikiwa vizibo vya chupa, mpaka giza liwakute. Sijawahi kusikia mtu akimwuliza damu inaingiza nini.

Pesa niliyokuwa nayo ilitosha kitu kimoja tu, na nikikosea kukichagua hakuna cha pili. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Niliichunguza mashine ikiwa katikati ya mchezo, nikaona kwamba kichwa chake, ile sehemu inayofanya hesabu, hakikuwa kimechoka kabisa. Iliyozidiwa ilikuwa karti grafiki, ile kadi inayochora picha kwenye kioo cha ekra. Kalemie sikuipata ya kufaa. Kigoma zilikuwako, za mtumba. Mama yangu huvuka ziwa kwenda kuuza na kuleta bidhaa, kwa hiyo nilimpa picha ya ile hasa niliyoitaka na kumsihi asikubali nyingine hata ikiwa nzuri zaidi.

Aliporudi alifungua mzigo wake: vitenge, sabuni, sahani za plastiki, na katikati kabisa kadi yangu, imeviringishwa ndani ya blanketi la mtoto mchanga.

"Yule kijana alianza na bei ya kununulia nyumba," akasema. "Nikamwambia, mwanangu, kitu chenyewe kina vumbi la watu wengine. Nikaondoka. Alinifuata mpaka kwa muuza viazi."

"Asante, Mama."

"Kinafanya nini?"

"Kinachora picha."

"Picha za nini?"

"Za barabara."

"Barabara," akasema, akaenda kuoga.

Nilikuwa nimehakikisha kila kitu. Tundu la kadi lilikuwa sawa. Nguvu ya umeme ya kuilisha ilitosha, na waya wake nilikuwa nao. Kitu kimoja sikukipima: urefu. Ile ya zamani ilikuwa na feni moja, hii ilikuwa na mbili, na mkia wake ukagonga fremu ya chuma inayoshika diski. Ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Niliigeuza huku na huku kana kwamba ingepungua kwa kuonewa huruma.

Yaya alikuwa amesimama mlangoni akitafuna hindi la kuchoma. "Hata muntu anayenunua kitanda," akasema, "anapima chumba."

Nilienda bafuni nyuma ya nyumba, nikamwaga maji kwenye ndoo ili nisisikike, nikalia. Sikulilia kadi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekosea jambo ambalo mtoto angeliona, na aliyeliona alikuwa yeye.

Mama alipoambiwa alitikisa kichwa. "Usinitume kuirudisha. Yule kijana amekwisha kula ile pesa."

Ikabaki fremu. Kuikata kulikuwa ni kutia msumeno kwenye kasha ambalo sikuwa nimekubali lipate hata mchubuko. Nililizunguka kutwa nzima. Kisha nikaingia chumbani kwa Papa, nikaomba msumeno wake wa chuma wa siku za reli.

Nilitoa kila kitu ndani ya kasha: bodi kubwa, diski, nyaya. Mafundo yangu yote niliyafungua. Nilivipanga vyote kitandani juu ya kitenge, mbali na uwanja, kwa sababu chembe moja ya chuma ikidondokea kwenye bodi inaweza kuiua. Halafu nikaweka kasha tupu chini uwanjani, nikalikanyaga kwa mguu.

"Lete, mi nikukatie," Yaya akasema. Nadhani alisema kwa moyo mzuri. "Utajikata vidole. Chuma si vitunguu."

"Hapana."

"We musichana—"

"Nimesema hapana."

Msumeno ulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Mstari ulipinda tangu mwanzo. Niliuona ukipinda, nikajua kwamba kitu hiki hakitakuwa safi tena maishani mwake. Niliendelea kukata. Rangi ilibanduka, fremu ikang'oka ikiwa na meno kama mdomo wa mamba. Nilisugua kingo kwa jiwe, nikaliosha kasha kwa brashi, nikalikausha juani. Diski ilikuwa haina tena pa kukaa, kwa hiyo niliining'iniza ndani ya kasha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kadi ikaingia. Ubavu wa kasha ukakataa kufunga kwa sababu ya waya ulioinuka, nami nikauacha wazi. Ilikuwa mbaya kuitazama, na niliipitisha hivyo hivyo mbele ya wote mpaka saloni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapakuwa na umeme tangu asubuhi. Yaya alikuja na puspus, mkokoteni wa kuazima, akaiegesha mbele ya mlango, akaketi juu yake.

"Kuran isipokuja saa hii, mi napakia," akasema.

"Tulisema Jumamosi," Papa akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Jumamosi haiyaisha."

Alasiri redio ya jirani ikaanza kuimba peke yake, tukajua umeme umerudi. Nilisubiri utulie, kisha nikabonyeza. Feni zote zikazunguka. Ekra ikabaki nyeusi. Yaya alishuka kwenye puspus. Nilifuata nyaya moja moja kwa kidole, halafu nikaona: waya wa ekra nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la zamani, la bodi. Nikauhamishia kwenye kadi. Picha ikatokea.

Nilifungua mchezo, nikachagua ile barabara. Mvua ilikuwa ikinyesha humo, na kwa mara ya kwanza niliona matone yakitambaa kwenye kioo. Kona ilikuja. Picha haikuganda. Niliona daraja, mawe, maji, kila kitu kwa wakati wake, na niliona vilevile kwamba nimechelewa kushika breki. Gari lilitoka barabarani taratibu, likaingia mtoni.

Yaya aliangua kicheko. "Papa, umeona? Ametengeneza mashine ili aanguke muzuri!"

Hata Papa alicheka. Nami nilicheka, na sikuwa najifanya. Kosa lilikuwa langu. Miezi yote ile niliogopa kulijua, na lilipokuja nikalikuta dogo, tena linarekebishika: breki.

"Lakini angalia nguvu yake," Yaya akasema, sauti imebadilika. "Sasa njo inafaa zaidi kwa saisie. Papa, tusiiache icheze tu."

Papa alijifuta macho. "Haikukwama. Neno ni neno." Kisha akanigeukia. "Ila nikuulize, Mama. Itatuletea nini?"

Majibu yote ya zamani yalinijia mdomoni, masomo, simu za watu, maisha ya baadaye. Yalikuwa majibu mazuri. Yangemridhisha.

"Haitaleta kitu, Papa. Ni ya kucheza."

"Kucheza tu?"

"Kucheza tu. Yaya anacheza damu kila siku, na hakuna anayemwuliza."

"Usinilinganishe na—"

Papa aliinua mkono. Aliitazama mashine, ubavu wake ulio wazi, mipira ya baiskeli, mstari uliopinda. "Saloni yangu ni ya wageni," akasema mwishowe. "Mashine ya kucheza tu haitakaa hapa."

"Sawa, Papa."

Niliichomoa na kuibeba mwenyewe hadi chumba ninacholala na wadogo zangu. Makali ya chuma yalinikwaruza mkono. Ekra niliiweka juu ya sanduku la nguo, kasha chini kando ya viatu, waya wa umeme nikaupitisha chini ya pazia. Nje nilisikia puspus ikiondoka tupu, gurudumu lake likilia. Nikawasha tena.

"Mama!" Papa akaita kutoka saloni. "Punguza hiyo sauti ya motokari!"

Nilipunguza. Kidogo tu.