Jani na Sindano

Mwanasaumu wa Mtongwe alikuwa na sharti moja alilomwambia kila mgonjwa kabla hajamgusa: dawa yake haikai mwili mmoja na sindano. Alilirithi kwa mama yake pamoja na ujuzi wa kuchemsha majani ya mwarobaini, na watu wa Likoni walilishika kama wanavyoshika saumu. Aliyechomwa sindano alingoja siku saba ndipo aende kwake.

Mwaka wa sitini na moja, mvua zilipozidi hata barabara ya feri ikawa matope matupu, bati lilimkata mumewe Mbwana kwenye muundi, huko maghalani Changamwe alikofanya kibarua. Kidonda kilivimba, kikatoa usaha. Mwanasaumu alikiosha kwa mwarobaini majuma mawili, kikakaidi. Akampeleka mumewe zahanati, na tangu siku hiyo majani akayaacha, kwani mwiko ni mwiko hata kwa mume wa mganga.

Aqil, dresa aliyefunga vidonda pale, alimchoma penisilini siku tano. Kidonda hakikusikia.

"Vijidudu vya siku hizi vimeizoea dawa," alisema Aqil akikuna kichwa. "Huyu ni mgonjwa wa nne hivi. Tuendelee tu, mama."

Nyumbani Mbwana alijinyoosha kitandani. "Mguu wangu umeposwa na wawili," alisema, "na hapana hata mmoja anayeleta mahari."

"Nyamaza wewe! Hata usaha waufanyia mzaha?"

Lakini harufu ilimshinda. Alasiri hiyo alifunga mlango, akachemsha majani, akamwosha mumewe ilhali sindano ya asubuhi bado imo mwilini. Alifanya hivyo siku nne, kila siku baada ya sindano, akitazamia balaa. Balaa halikuja. Siku ya nne usaha ulikatika, nyama ikawa nyekundu safi, na Mbwana akaomba samaki wa kupaka.

Aqil alipofungua bandeji uso ulimng'aa. "Wallahi, mama, imeshika! Umekiosha kwa kitu gani?"

Angeweza kusema. Lakini juma lililopita Aqil huyu huyu alimkuta Mwanabibi, jirani yao, na majani ndani ya bandeji, akamwita mchafu mbele ya foleni nzima. Tena, ni nani angeendelea kumwamini mganga aliyevunja mwiko wake mwenyewe?

"Maji ya chumvi tu, mwanangu."

"Basi penisilini imefanya kazi yake. Sindano ya leo ndiyo ya mwisho. Endelea na chumvi yako."

Mwanasaumu alitaka kumwomba siku chache zaidi za sindano, akakosa sababu ya kutoa. Akaendelea na majani peke yake. Siku ya sita homa ilimshika Mbwana, na pembeni mwa kidonda ngozi ikaanza kuwa nyeusi. Alikwenda mbio zahanati, akamweleza Aqil yote.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungenifukuza."

Aqil alijua ni kweli. Alirudisha sindano, akamruhusu alete na majani, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mfupani. Siku ya tatu walimvusha Mbwana kwa feri hadi hospitali kubwa, naye akipayapaya kwa homa. Daktari aliutazama mguu mara moja tu, akasema ukatwe chini ya goti.

Mwanasaumu na Aqil walikaa kwenye benchi nje ya chumba. Aqil alitoa daftari. "Majani mangapi, mama? Maji kiasi gani?"

"Natia kwa mkono. Nikinusa nikaona yatosha, naepua."

"Nipe kipimo. Bila kipimo daktari hatanisikiliza, na wako wengine wenye vidonda kama hivi."

Mwanasaumu alikunja kiganja kumwonyesha. Aqil alikitazama kiganja kile, kalamu mkononi, asijue aandike nini.

Mlango ulifunguliwa. "Mke wa Mbwana ni nani?" aliuliza Jael, muuguzi, akiwa na karatasi na kidau cha wino.

"Abee."

"Mgonjwa hajitambui. Weka dole gumba hapa, mama, wamkate."

"Hawawezi kungoja hata kesho, binti yangu? Sasa nimejua cha kufanya."

Jael alitikisa kichwa kwa upole, akamshika mkono, akalichovya dole lake katika wino.