Kinini ya Hasira

Mama yangu hakuwa mtu wa kuugua. Alikuwa akirudi kutoka soko la Nyamianda na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, sisi watoto wake wakubwa tukimfuata huku tunahema, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona amelala. Kwa hiyo Jumapili ile wauguzi walipoweka meza mbele ya kanisa ili kumpima kila mtu tansio, yaani shinikizo la damu, alikaa kwenye kiti ili kuwaonyesha wenzake mtu mzima wa afya anavyokuwa.

Tansio yake ilikuwa juu sana. Mwuguzi alirudia kupima, akampa vidonge, akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa huu haupigi hodi: mtu hujisikia vizuri hadi siku anapoanguka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akamtazama baba.

Kwetu Uvira tansio ni neno la ugomvi. Mtoto akikaidi, mzazi humwambia, "Utanipandishia tansio." Basi mama hakuona sababu ya kutafuta mbali. Nyumbani alitangaza kwamba baba ndiye aliyempa ugonjwa, na kwamba vile vidonge, kinini kama tunavyoviita, ni dawa ya hasira: atameza siku atakayokasirishwa.

Baba, maskini, aliogopa kweli. Aliacha kubishana, akasifu kila chakula, akawa mpole hadi akanichosha. Nyumba ilitulia, na pakiti ya kinini ikatulia pia. Tuliporudi kupima, tansio ilikuwa palepale. Mwuguzi alieleza tena kwamba dawa ni ya kila siku, ukasirike usikasirike. Mama aliitikia kwa adabu zote, na njiani akaniambia binti yule bado hajaolewa, angejua nini. Nilikuwa nimemwona jirani yetu akianguka jikoni na kupooza upande mmoja. Sikutaka kumpoteza mama kwa sababu ya ubishi wake. Nilikwenda nikalia mbele ya baba.

Jioni ile baba alionja sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akaisukuma sahani. "Sombe ya dada yangu iko na chumvi," akasema, naye alijua vizuri kwamba chumvi ilipunguzwa kwa agizo la mwuguzi. Mama alimmwagia maneno, akainuka, akameza kinini. Kesho yake baba akakikosoa kitenge kipya cha mama, keshokutwa namna anavyoimba kanisani. Kila jioni alitafuta la kusema, na kila jioni akatukanwa kwa raha zake. Sikuwahi kumpenda baba kama miezi ile. Tansio ikaanza kushuka.

Kisha baba akaenda Kiringye kumsaidia ndugu yake kuvuna mpunga. Jioni ya kwanza niliingia kwa mama na hofu yangu, nikitafuta la kumuudhi, kipaji ambacho sikurithi. Nilimkuta mezani, glasi tupu mbele yake. Simu ikalia. Alikuwa baba, sauti yake ikajaa chumba, na hata salamu hakutoa: alisema huko Kiringye ndiko wanawake wanakojua kusonga bugali.

Mama alimwacha amalize.

"Baba ya batoto," akamwambia taratibu, "minye nilishameza kinini."

Kwenye simu nikasikia watu wakicheka mbali, huko baba alikokuwa.

"Lakini endelea tu," mama akasema. "Nilikuwa nakungojea."