Mfuko Mweusi wa Kaka Himid

Kaka yangu Himid alikuwa fundi saa pale Chake Chake, na angebaki na saa zake nisingekuwa na la kusema. Lakini mwaka 1958 alipita mjini Mhindi mmoja wa mazingaombwe, akakaa wiki mbili, na huyo ndiye aliyeniharibia ndugu. Alipoondoka tu, Himid akaanzisha chama. Wanaume sita wazima, wana ndevu zao, wakawa wanakutana barazani kwetu Tibirinzi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, kufundishana namna ya kupoteza yai.

Mayai yenyewe ya kuku wangu. Waliyavunja, mikeka ikanuka, na msuguaji nani? Mimi!

Kero kubwa zaidi ilikuwa watu. Himid alimwambia kila mtu kwamba ule ni wepesi wa mikono tu, lakini namna ya kuufanya hakuisema, kwa kuwa walikuwa wameapishana kwa Msahafu wasifichue. Basi nani angemwamini? Huyu kaleta mgonjwa wa homa, yule ataka mumewe arudishwe kutoka Tanga. Nilikuwa nikiwafukuza mimi, ndugu yangu anacheka.

Mwaka 1960 akaposwa Radhiya, binti wa pekee wa Himid, niliyemlea tangu mama yake afariki. Mposaji alikuwa Bakar, mvuvi wa Kojani. Mtoto alimpenda kijana yule mpaka nikilitaja jina lake anaangusha kitu. Himid akaridhia. Kisha Mzee Jecha, baba yake Bakar, akaleta salamu: kabla ya kupanga siku ya harusi atakuja Ijumaa ya kwanza, ajionee mwenyewe hayo yanayosemwa.

Nikajua wamesikia kwetu kuna uchawi. Wiki nzima sikumpa Himid raha.

"Kaka, waoneshe kilichomo katika huo mfuko wako! Wataka mwanao azeekee hapa kwa ajili ya yai?"

"Nimeapa, Mwanawema."

"Basi kakiozeshe hicho kiapo chako!"

Ijumaa ikafika. Wanachama barazani, Mzee Jecha na nduguze wawili mkekani, mimi na Radhiya nyuma ya pazia. Himid akatia yai katika mfuko mweusi, akaupindua ndani nje, yai hakuna. Wageni wakasema mashaallah. Akautia mkono, akalitoa. Halafu akatazama upande wa pazia, akashusha pumzi, akaufungua mfuko mbele yao na kuwaonesha mfuko mwengine mdogo ulioshonewa ndani. Wenzake wakainuka mmoja mmoja, wakavaa viatu vyao, wakaenda zao bila ya kumuaga.

Mzee Jecha aliushika mfuko ule, akautia kidole.

"Bwana Himid, ndo hichi tu? Hapana jengine?"

"Wallahi hapana."

"Lahaula! Siye twalikuja kwa hilo. Vijana wetu walala baharini, mahasidi hawesha kuwaroga. Twataka wakwe wa kutukinga, si mshona mifuko."

Nilitamani kutoka nimrushie sinia. Miaka miwili nawafukuza wenye akili hizo mlangoni, na siku ile nimewakaribisha kwa kahawa na halua! Himid alijaribu kusema habari za kijana na binti. Mzee Jecha akamjibu kwa adabu kwamba Mungu atamleta mwengine, wakaondoka. Bakar hakuweza kumpinga babake.

Radhiya akatoka nyuma ya pazia, uso umerowa.

"Baba, miaka yote wawaficha watu. Leo ndo siku ya kufichua?"

Himid alikuwa anaukunja ule mfuko. Nilisubiri aseme ni shangazi yako aliyenishurutisha. Ilikuwa haki yake, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

"Nilikosea, mwanangu," akasema.

Amekufa hajamwambia, na mimi mpaka leo sijathubutu.