Hakimu na Kichochoro cha Kyebando

Hakimu wetu wa kesi za ardhi hubeba ndala ndani ya mkoba. Akifika kukagua mahali panapogombaniwa huvua viatu vyake vya mahakamani, huvaa ndala, kisha hutembea akipapasa kuta kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Sauti yake ni ya chini, mawakili hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Hapendi kuonyeshwa ramani kabla hajapita njia yenyewe.

Kule Kyebando, Abdul-Latif alikuwa amejenga ukuta, na kichochoro cha kwenda kwa Hajati Kaltumi, jirani yake wa nyuma, kikabaki chembamba. Bibi akamshtaki. "Mheshimiwa, watu inapita tu," alijitetea Abdul-Latif, akapita mwenyewe mbele yetu, kwenda na kurudi, bila kugusa ukuta. Hakimu aliitikia kwa kichwa, akauliza kama msikiti wa jirani una jeneza. Likaletwa, tupu. Akamwomba Abdul-Latif ashike mbele, wanaume watatu wakashika pembe zilizobaki, wakaliinua mabegani kama anavyobebwa maiti. Hawakufika mbali. Bega la Abdul-Latif lilibanwa na ukuta wake mwenyewe.

"Tuliinamishe upande kidogo," alisema.

"Usiniambie mimi," hakimu alijibu kwa sauti ileile ya chini. "Mwambie Hajati kwamba siku yake ikifika mtamwinamisha."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pake, mwisho wa kichochoro, akisubiri kuambiwa. Abdul-Latif alimtazama, jeneza likiwa bado begani. Hakimu aliinama, akaanza kuvua ndala.