Heri kwa Wote Wanaosherehekea

Leo asubuhi nimemwamkia Mama Eliza shikamoo. Hakuitikia.

Jamani, Mama Eliza! Tunauza kwenye meza moja sokoni hapa Lushoto tangu niolewe, mimi karoti, yeye plamu.

Nikamuuliza, "Mama, nimekukosea nini?"

"Jana uliandika kwenye stetasi, heri ya sikukuu kwa wote wanaosherehekea. Ndiyo mimi huyo, 'wote'? Idi nilikuja kwako nikakwambia Idi Mubarak, tukala pilau."

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alishatukataza nyumbani kutamka Krismasi. Niliandika vile ili nisimuudhi mtu yeyote.

Na shemeji mwenyewe alikuwa amesimama palepale, amefuata karoti za nyumbani. Ananitazama tu.

Nikamshika Mama Eliza mkono. "Heri ya Krismasi, mama."

Akanikumbatia. "Asante, mwanangu. Na ile shikamoo yako, marahaba."

Shemeji akaziacha karoti mezani, akaondoka bila kuaga.

Sasa hivi mume wangu anapiga simu. Hapigagi saa hizi.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Semeni ukweli.

Ngoja nipokee.