Mlango Niliouchorea Bahari ya Barafu

Kosa ni langu. Msimtafute mwengine! Si upepo, si jiko, si shemeji yangu aliyeliwasha. Mkono uliochora ni huu huu unaoandika.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Ng'ambo niliyejisomesha mwenyewe. Nilikwenda Ulaya nikifua mashuka melini, nikasoma kwa jasho langu, nikarudi na diploma. Wangapi mtaani kwetu wanayo? Nimeitia fremu sebuleni. Mgeni huiona kabla hajaniona mimi. Lakini jamani, diploma ile ni ya kuchora nyumba! Nyumba za mawe na saruji. Haina hata neno moja la chombo cha baharini.

Basi akaja Mzungu mmoja, tukimwita Kapteni, na chombo chake cha matanga. Alikuwa akikitengeneza pale Malindi, bandari ya mjini kwetu, kabla ya kushuka kusini kabisa, kwenye bahari inayoganda. Alitaka mtu wa kumpangia upya ndani: watu walale wapi, wapike wapi, wakae vipi siku ambazo nje hakutokeki kwa baridi. Nikamwonyesha diploma. Hakuisoma vizuri, na mimi sikumsomea.

Nilichora kwa majivuno! Si nimeionja baridi ya Ulaya? Jiko nikalizungushia vitanda. Kuta nikazifanya mbili mbili. Na mlango, ah, mlango ule! Wa msaji, mnene, una komeo kwa ndani na unafungukia ndani, kama milango yetu yote ya Mji Mkongwe. Sikufikiri hata kidogo. Mlango ungefungukia wapi tena?

Kapteni akasema, "Niwekee na tundu la pili la kutokea, huku juu sitahani."

Nikamcheka. "Kapteni, kila tundu ni njia ya baridi. Mimi nimelisomea jambo hili."

Muongo mkubwa mimi! Naye akakubali.

Mpishi wa safari ile alikuwa Makame, mtu wa Paje, mume wa dada yangu Mwanaidi. Alikuwa akisita. Nikamwambia, "Shemeji, utalala ndani ya kazi yangu mimi."

Akacheka. "Haya. Nikiganda, wewe ndiye utakayekuja kuniyeyusha."

Akakubali kwa ajili yangu.

Siku ya kukijaribu chombo tulitoka asubuhi kuelekea Fumba. Nilitaka kujionyesha. Nikamwambia Makame ajifungie chini na awashe jiko la mafuta, ili Kapteni akishuka aone chumba kinavyoshika joto.

"Kwa jua hili, shemeji? Utanipika mimi badala ya wali!"

"Ingia bwana, usinitie aibu."

Akaingia. Nikalisikia komeo.

Kidogo tu, Kapteni akageuza tanga. Chombo kikalala ubavu, na kule chini kukaporomoka vitu. Makabati yangu! Niliyatia vishikio vizuri vya shaba, lakini sikuyatia kitu cha kuyazuia yasifunguke, maana kabati la nyumbani haliinami. Makopo, magunia ya unga, masufuria, vyote vikaserereka na kurundikana nyuma ya mlango. Jiko likapinduka.

"Shemeji! Moto!"

"Vuta komeo!"

"Nshavuta! Haufunguki! Vitu vimeuzuia!"

Tukasukuma. Mlango unafungukia ndani, na ndani hakuna nafasi! Tukaupiga shoka, msaji ukalirudisha shoka. Moshi ukaanza kutoka chini ya kizingiti. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikawa nasoma Yasini na aya zinanipotea.

Halafu Makame akanyamaza. Wallahi, kelele zake hazikunitisha kama kimya kile!

Kapteni akapanda juu, akaitoboa sitaha kwa shoka. Tukamwaga maji kwa ndoo, tukamtoa Makame kwa kumshika makwapa, kama gunia.

Yu hai, Alhamdulillahi. Lakini viganja vyake vimekunjamana kwa kusukuma vitu vya moto, hawezi kufunga kifungo cha shati. Akipanda ngazi husimama kutafuta pumzi.

Mjini watu wakasema mpishi yule mzembe wa jiko. Nilikuwepo wakisema. Nikanyamaza!

Mpaka Mwanaidi akaniuliza, mumewe amekaa pale pale, "Kaka, nani alimwambia awashe jiko na jua lile?"

Makame akaangalia chini. Alikuwa hajanitaja!

Nikasema, "Mimi."

Mwanaidi akachukua kikombe changu, kahawa bado imo, akaenda kuimwaga uani. Hakurudi kukaa nami. Tangu siku ile sijaikanyaga nyumba yao.

Chombo kilikwenda zake kusini na mpishi mwengine. Mlango umegeuzwa, tundu limewekwa, makabati yametiwa kulabu za kuyashika. Hayo ni makosa yaliyojionyesha karibu na nyumbani. Na yale ambayo hayajajionyesha? Nikifumba macho nawaona watu wale wamelizunguka jiko langu, barafu inasaga mbao nje, na mimi sijui nimewachorea nini kingine!

Ndugu zangu mliosoma, nawaomba. Mtu akiishika diploma yako bila ya kuisoma, msomee wewe, neno kwa neno. Ukiulizwa usilolijua, sema "sijui". Mimi lilinishinda kusema pale Malindi, Kapteni amesimama mbele yangu. Leo niko tayari kulipiga kelele, na hakuna wa kunisikia kule waliko.